Manung'uniko Yanayozaa Makanisa: Historia ya Vikundi Vidogo vya Imani na Wajibu wa Kanisa Mama

Utangulizi

Ni wachache miongoni mwa wachungaji wa Afrika Mashariki ambao hawajapata kuona waamini wao wakihamia kanisa jipya lililofunguliwa hatua chache kutoka usharikani. Tunapokutana na kuzungumza juu ya jambo hili, maelezo yetu mara nyingi huwa mepesi: tunataja uroho wa madaraka, fedha za kutoka ng'ambo, mafundisho ya uongo, au watu wapendao miujiza kuliko Neno. Maelezo hayo yana sehemu yake ya ukweli, wala makala hii haikusudii kuyafuta. Lakini anayesoma historia ya Kanisa hawezi kutosheka nayo, kwa kuwa yanamweleza yule aliyeondoka tu, wala hayasemi neno juu ya nyumba aliyoiacha.

Makala hii inakusudia kuchunguza swali hili: kwa nini Wakristo, katika nyakati na nchi mbalimbali, wameanzisha vikundi vidogo vya imani, na kwa nini baadhi ya vikundi hivyo vimebaki ndani ya Kanisa na vingine vimekuwa makanisa mapya? Tutapita Yerusalemu, Ujerumani, Uingereza na Marekani, kisha tutarudi kwenye nchi zinazolizunguka Ziwa Nyanza. Hoja yetu ni kwamba njaa inayoanzisha kikundi cha sala na njaa inayoanzisha kanisa jipya mara nyingi ni moja. Kinachoamua mwisho wake, kwa sehemu kubwa, ni jinsi manung'uniko ya mwanzo yalivyopokelewa.

1. Manung'uniko ya Yerusalemu

Kitabu cha Matendo ya Mitume hakituonyeshi Kanisa la kwanza lisilo na ugomvi. Katika sura ya 2 waamini wanakutana hekaluni na pia wanaumega mkate nyumba kwa nyumba. Kusanyiko kubwa na kusanyiko dogo vilikuwapo pamoja tangu mwanzo, na hakuna lililohesabiwa kuwa adui wa mwenzake. Paulo naye anapotuma salamu zake anataja mara kwa mara kanisa lililo katika nyumba ya fulani (Rum. 16:5, 1 Kor. 16:19, Flm. 2).

Lakini ifikapo sura ya 6 yanatokea manung'uniko. Wayahudi wenye kusema Kiyunani wanalalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Yafaa tuangalie vizuri jambo lenyewe lilivyo. Ugomvi huu haukuhusu fundisho la imani. Ulihusu chakula, lugha, na hofu ya kusahauliwa. Mitume wangaliweza kuwakemea walalamikaji kuwa watu wa mwilini. Badala yake waliita mkutano, wakakubali kwamba huduma ina upungufu, wakaagiza wachaguliwe watu 7; na majina ya hao 7 yote ni ya Kiyunani. Yaani waliokuwa wakinung'unika walipewa sehemu katika kuiongoza huduma waliyoinung'unikia. Luka anamalizia kwa kusema kwamba Neno la Mungu likaenea.

Tunaweza kuisoma historia yote inayofuata kwa kuuliza kama sura hii ya 6 ilitendeka tena au ilisahauliwa.

2. Wazo la Luther na makusanyiko ya Spener

Sisi Walutheri hatuna budi kuanza na nyumba yetu wenyewe. Mwaka 1526 Luther alitoa utaratibu wake wa ibada kwa lugha ya Kijerumani. Katika dibaji yake alieleza kwamba, zaidi ya ibada ya Kilatini na ile ya Kijerumani kwa watu wote, ingefaa kuwe na namna ya tatu. Wale watakao kuwa Wakristo kwa dhati wangeandika majina yao na kukutana katika nyumba fulani kwa sala, kwa kusoma, kwa kubatiza, kwa kupokea Sakramenti na kwa matendo ya huruma. Lakini akaongeza kwamba hakuwa bado na watu wa kufanya hivyo, tena alichelea kwamba akilianzisha jambo hili kwa akili yake mwenyewe lingezaa utengano. Basi wazo likabaki katika karatasi.

Karibu miaka 150 baadaye, mwaka 1670, Philipp Jakob Spener, aliyekuwa kiongozi wa wachungaji wa Kilutheri mjini Frankfurt, alianza kukusanya watu nyumbani kwake ili wasome na kuzungumza juu ya mambo ya imani. Vita vya Miaka Thelathini vilivyokwisha mwaka 1648 vilikuwa vimeiharibu Ujerumani, na watu wengi walikuwa Wakristo kwa kuandikwa tu katika daftari la parokia. Mwaka 1675 Spener alitoa kitabu chake Pia Desideria, akishauri kwamba Neno la Mungu lienezwe kwa wingi zaidi kuliko mahubiri ya Jumapili peke yake, na kwamba ukuhani wa waamini wote, ambao Luther aliufundisha, utendeke kweli.

Matokeo yake yalikuwa ya namna mbili. Katika sehemu nyingi makusanyiko hayo yalilitia Kanisa nguvu, na kutoka katika chemchemi hiyo ikazaliwa kazi ya Halle na, mwaka 1706, utume wa Kilutheri wa Tranquebar huko India. Lakini hapo hapo Frankfurt baadhi ya washiriki walijitenga. Mmoja wao alikuwa mwanasheria Johann Jakob Schütz, aliyekuwa rafiki wa Spener na mshiriki mkubwa wa makusanyiko yake tangu mwanzo. Aliacha kwenda kwenye Meza ya Bwana kwa sababu hakutaka kushiriki pamoja na watu aliowaona kuwa hawastahili. Spener alihuzunika sana, akaandika kuwapinga wanaoutumia ubovu wa Kanisa kuwa sababu ya kulitoroka. Hata hivyo wimbo wa sifa alioutunga Schütz umebaki katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Ujerumani mpaka leo. Kanisa aliloliacha linaendelea kumsifu Mungu kwa maneno yake.

Hapa tunajifunza jambo ambalo haki inadai tuliseme. Si kila utengano ni kosa la kanisa mama. Kuna njaa ya utakatifu inayogeuka kuwa kiburi, na kikundi kidogo kinaweza kuanza kwa kutubu dhambi zake na kuishia kuhesabu dhambi za wengine.

3. Herrnhut, Bristol na Philadelphia

Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walifika katika shamba la mtawala kijana wa Kilutheri, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Baada ya miaka michache waligombana sana. Zinzendorf alikwenda nyumba kwa nyumba akiwasikiliza, wakaweka maagano ya kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti 1727 walipokuwa kwenye Chakula cha Bwana katika kanisa la Berthelsdorf walipatanishwa. Vikundi vidogo vya watu wachache wachache, waliotunzana kiroho, vikawa mfumo wa maisha yao. Zinzendorf mwenyewe alitaka wawe kanisa dogo ndani ya Kanisa kubwa, lakini mwishowe wakawa kanisa lenye jina lake. Kanisa hilo ndilo lililotuma wamisionari waliofika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, nasi tunawajua majirani zetu Wamoraviani.

John Wesley, kasisi wa Kanisa la Uingereza, alijifunza mengi kwa Wamoraviani. Mwaka 1738 moyo wake uliguswa katika mkutano mdogo mjini London, iliposomwa dibaji ya Luther kwa Waraka kwa Warumi. Miaka 4 baadaye, mwaka 1742, jumuiya yake ya Bristol ilikuwa na deni la jengo. Mtu mmoja alishauri kwamba kila mwanajumuiya atoe peni moja kwa juma, na kwamba watu wagawanywe katika makundi ya watu kama 12, kila kundi na kiongozi wake wa kuzipokea fedha hizo. Viongozi walipokwenda nyumba kwa nyumba kukusanya peni waliona mambo ambayo hayakuonekana kanisani: ulevi, ugomvi wa mume na mke, ugonjwa, njaa. Wesley alitambua kwamba hapo amepata njia ya uchungaji aliyokuwa akiitafuta. Mpango wa kukusanya fedha ukageuka kuwa mpango wa kutunza roho za watu.

Wesley hakutaka kuanzisha kanisa, na alikufa mwaka 1791 akiwa bado kasisi wa Kanisa la Uingereza. Lakini huko Marekani, baada ya vita vya uhuru, makasisi wengi walikuwa wameondoka na Wamethodisti kwa maelfu walikuwa hawana wa kuwabatizia watoto wala wa kuwapa Chakula cha Bwana. Wesley alimwomba Askofu wa London amwekee mtu mikono kwa kazi hiyo, akakataliwa. Mwaka 1784 akaweka watu mikono yeye mwenyewe, na mwishoni mwa mwaka huo Kanisa la Methodisti likaundwa Baltimore. Kanisa hilo halikuzaliwa kwa ajili ya fundisho jipya. Lilizaliwa kwa sababu kondoo walikuwa mbali na Sakramenti, na wenye mamlaka hawakuona kuwa jambo hilo ni la haraka.

Lakini waliokataliwa jana nao hukataa leo. Kabla karne hiyo ya 18 haijaisha, katika kanisa la Wamethodisti la Mtakatifu George mjini Philadelphia, Wakristo weusi waliinuliwa kwa nguvu walipokuwa wamepiga magoti katika sala, kwa sababu walikuwa mahali palipotengwa kwa ajili ya weupe. Wakatoka wote pamoja. Mmoja wao, Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa, alifungua kanisa la Bethel mwaka 1794, na mwaka 1816 likaundwa Kanisa la Methodisti la Kiaskofu la Waafrika. Huko Pretoria nako, mwaka 1892, mchungaji Mangena Mokone aliacha kanisa la Wamethodisti kwa sababu ya ubaguzi dhidi ya wachungaji Waafrika, akaanzisha Kanisa la Kiethiopia. Mwaka 1896 kanisa hilo liliungana na lile la Allen. Nani angethubutu kumwambia Allen kwamba alipaswa kubaki na kunyamaza?

4. Uamsho katika nchi za Ziwa

Twende sasa kwenye historia iliyo karibu nasi. Katika Buhaya Wakristo wa Kiprotestanti hawakuanza na mmisionari. Vijana waliojifunza kusoma kwa njia ya Uganda walikuwa wakikutana kwa siri kusoma Maandiko kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910. Vita Kuu ya kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, walimu Waafrika, na hasa Andereya Kajerero, ndio waliolishikilia kundi. Yaani kanisa la Kilutheri la Bukoba lilianza kama kikundi kidogo cha wasomaji, likaokolewa na walei wake.

Mwaka 1929 huko Namirembe, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana, wakaungama upungufu wao na kusali pamoja. Katika miaka ya 1930 moto uliwaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Mwaka 1939 ulifika Katoke na baadaye ukawagusa Walutheri wa Bukoba. Waliookoka walikutana kila juma, wakaungama dhambi mbele ya wenzao, wakarudisha mali za wizi, wakaitana ndugu bila kujali kabila wala rangi. Mikutano hiyo haikuhitaji mchungaji wa kuiongoza, na jambo hilo liliwatia wasiwasi wenye kuongoza.

Mwaka 1941 katika Chuo cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 waliokuwa wakiamka alfajiri kusali na kuhubiri dhidi ya mahubiri ya waalimu wao, miongoni mwao William Nagenda, walifukuzwa. Kwa wanafunzi wa theolojia hakuna kisa kinachostahili kukumbukwa zaidi ya hiki. Hapo palikuwa na kila sababu ya kuanzisha kanisa jipya: vijana wenye bidii, kiongozi mwenye karama, na uchungu wa kufukuzwa. Hata hivyo Nagenda hakuanzisha kanisa. Hakuwekewa mikono, akaendelea kuhubiri katika nchi nyingi akiwa mlei, na uamsho kwa sehemu kubwa ulibaki ndani ya Kanisa. Ndugu walishikilia kwamba aliyesamehewa kwa damu ya Yesu hana haki ya kumkimbia ndugu yake. Na maaskofu nao, pamoja na mashaka yao, hawakufunga milango moja kwa moja. Kwa Walutheri, tunda mojawapo la njia hiyo ni Josiah Kibira, mtu wa uamsho aliyekuwa Askofu wa Bukoba mwaka 1964 na Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984.

Mahali pengine haikuwa hivyo. Huko huko Bukoba, katika miaka ya 1950, baadhi ya wanauamsho walijitenga wakaanzisha Kanisa la Roho Mtakatifu. Nyanza, Kenya, wanauamsho wenyewe waligawanyika. Kundi la kasisi Matthew Ajuoga liliona kwamba wenzao wanawadharau Wakristo wasiosema kama wao. Biblia nzima ya Kidholuo ilikuwa imetoka mwaka 1953, na waliposoma habari za upendo, hera kwa lugha yao, waliona kwamba neno hilo wanalisoma lakini hawalioni likitendeka. Kufikia mwaka 1958 walikuwa wametoka katika Kanisa la Anglikana na kuunda Kanisa la Kristo katika Afrika. Watu wakawaita Johera, yaani watu wa upendo. Je, kuna shutuma nzito zaidi kwa kanisa mama kuliko mtoto wake kutoka na kujiita kwa jina hilo?

David Barrett, aliyefanya kazi Nyanza, mwaka 1968 alitoa uchunguzi wake juu ya vikundi vya kidini 6,000 barani Afrika. Alionyesha kwamba Maandiko katika lugha ya wenyeji ni moja ya mambo yanayoambatana sana na kuzaliwa kwa makanisa mapya. Watu walipopata kipimo mikononi mwao walianza kuwapima wale waliowaletea. Upungufu waliouona ulikuwa, zaidi ya yote, upungufu wa upendo.

5. Sababu zinazoonekana

Tukiyatazama matukio haya kwa pamoja, tunaona sababu nne zikirudi. Ya kwanza ni haja ya kujulikana: mtu anataka kuwa mahali ambapo asipoonekana ataulizwa. Ya pili ni Neno katika lugha ya moyo, pamoja na ruhusa ya kulizungumza. Ya tatu ni Sakramenti na huduma, ambazo watu hawawezi kuzisubiri bila mwisho. Ya nne ni heshima, yaani kuhesabiwa mwana wa nyumba na kupewa kazi ndani yake. Kando ya hizo ipo sababu ya tano, nayo ni dhambi: kiburi cha anayeondoka, na kiburi cha anayebaki.

Hatuna budi kukiri pia kwamba sisi wenyewe ni kanisa lililotokana na sauti isiyosikilizwa. Luther alitengwa na Papa mwaka 1521 kabla kuwapo kanisa lolote liitwalo la Kilutheri. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 7, linasema kwamba kwa umoja wa Kanisa yatosha kupatana katika mafundisho ya Injili na utoaji wa Sakramenti. Ibara hiyo inatupa uhuru mkubwa. Namna ya kusali, saa ya kukutana, na nani aongoze mazungumzo ya Neno ni mambo yasiyostahili kulipasua Kanisa. Lakini inatupa pia mzigo: kama Injili na Sakramenti ndizo zinazolifanya Kanisa kuwa Kanisa, basi usharika unaowaacha watu bila hivyo umelegea katika msingi wake, hata kama majengo yake ni mazuri.

6. Yatupasayo leo

Kanisa Katoliki katika Afrika Mashariki, kwa maazimio ya maaskofu wake ya mwaka 1973 na 1976, lilizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji. Sharika zetu nazo zina jumuiya za nyumba kwa nyumba. Umbo tunalo. Yafaa tujiulize juu ya roho iliyomo. Huko Bristol peni ilimfikisha kiongozi nyumbani kwa mgonjwa. Kwetu mara nyingine mambo hugeuka: jumuiya iliyoanzishwa kwa sala inakumbukwa hasa wakati wa mavuno na michango, na mjane anayatambua macho ya mgeni anayetafuta bahasha. Mjane huyo akimpata jirani wa kusali naye katika kanisa jipya, tumemfukuza sisi.

Jambo la pili ni Meza ya Bwana. Mtaa ulio mbali, unaotunzwa na mwinjilisti mwaka mzima na kumwona mchungaji mara chache, uko katika hali ile ile ya Wamethodisti wa Marekani mwaka 1784. Halmashauri zetu na zitazame ramani za sharika kabla hazijatazama hesabu za majengo.

Jambo la tatu ni kusikiliza mapema. Mgogoro wa Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulianza na madai juu ya dayosisi. Kabla haujatulia ulikuwa umeharibu mali na kumwaga damu, na kanisa jingine likawa limezaliwa pembeni. Kila upande ulikuwa na hoja zake, wala si kazi ya makala hii kuamua kesi hiyo. Inatosha kukumbuka kwamba manung'uniko yanayosikilizwa yakiwa bado sauti hayahitaji kuwa moto.

Hitimisho

Hatuwezi kuzuia kila utengano, wala si kila utengano ulistahili kuzuiwa. Lakini historia inatuonyesha kwamba Mkristo haamki siku moja akaanzisha kanisa. Kwanza hunung'unika, kisha hukutana na wenzake wachache kusali, kisha hungoja aone kama kuna atakayekuja kuwauliza habari zao. Muda huo wa kungoja ndio nafasi ya mchungaji. Mitume waliutumia kuitisha mkutano na kuwachagua watu 7. Zinzendorf aliutumia kwenda nyumba kwa nyumba. Wanafunzi wanaojiandaa kwa utumishi na wajue kwamba watakabidhiwa sharika zenye manung'uniko ya namna hii. Waende kuketi nayo mapema, wakichukua Biblia, bila kitabu cha stakabadhi.